Mali katika Utenzi wa "Al-Inkishafi"

Utenzi wa "Al-Inkishafi", uliotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, hufundishwa mara nyingi kana kwamba ni hotuba ya kuulaani utajiri. Mwalimu huwasomea wanafunzi habari za majumba yaliyobomoka, kisha husema: Mwaona? Mali ni ubatili. Sisi twaona kwamba fundisho hilo ni la haraka, tena laweza kumdhuru mtoto wa maskini. Basi yatupasa kuupima utenzi wenyewe.

Mtungaji aliishi hata mwanzo wa karne ya 19, enzi ya Pate ilipokuwa ikididimia. Aliyaona magofu, na matajiri wake aliwajua. Ataja taa za kioo na za shaba zilizoufanya usiku kuwa kama mchana, na vyombo vya kaure vilivyopangwa katika madaka, na vitanda vyenye magodoro na mito. Vyote hivi avieleza kwa uzuri mwingi, wala hapana mtu aelezaye hivyo kitu akichukiacho. Kisha atuonyesha madaka yale yale yakilala makinda ya ndege, na bundi akikoroma ndani ya nyumba. Walakini taa haikumdanganya mtu. Kosa lilikuwa la wenyeji, waliodhani hawataachana nayo.

Tena tuangalie asema na nani. Hasemi na maskini, wala hasemi na jirani. Asema na moyo wake mwenyewe, naye aukemea kwa kuufuata ulimwengu. Akiuliza waliko waliokufa, awataja jamaa zake kwa majina. Neno inkishafi, lenye asili ya Kiarabu, maana yake ni kufunuliwa. Na kilichofunuliwa hapa ni moyo wa mtu aliyezaliwa kati ya wenye navyo. Ndiyo sababu maneno yake yana nguvu. Maneno hayo hayo, yakinenwa na mtu aliyeshiba kwa mtoto ambaye wazazi wake wameuza mbuzi wapate karo, huwa maneno mengine kabisa. Shilingi ya mbuzi yule si ubatili; ni jasho na upendo wa wazazi.

Lakini kuusifu utenzi hakutuzuii kusema upungufu wake. Matajiri wa Pate walilala wakipepewa na kukandwa. Mtungaji ataja raha ile, naye awalilia waliopepewa, waliopepea hawaulizii. Twajua kwamba miji ya pwani siku zile ilitumia watumwa, na kwamba utajiri wake haukuwa wa biashara ya baharini tu, bali ulitoka katika kazi ya mikono yao pia. Utenzi wauliza mali imekwenda wapi, usiulize imetoka wapi. Mauti yawasawazisha wote kaburini, ni kweli. Bali dhuluma ilifanyika kabla ya kaburi, nayo haifutwi na kubomoka kwa nyumba.

Kwa hiyo twadhani mwenye kufundisha habari za mali hana budi kuuliza maswali matatu: Imepatikanaje? Yamfaa nani? Moyo umeshikamana nayo kadiri gani? Swali la tatu lajibiwa na "Al-Inkishafi" kwa namna ambayo ni tabu kuipata penginepo katika Kiswahili. Mawili ya kwanza hayamo, na mwalimu asidhani ya kuwa yamo. Akiyaacha, wanafunzi watatoka darasani wakijua kuidharau fedha wasiyo nayo, wala hawatajua kuitumia kwa haki watakapoipata.

William Hichens aliutoa utenzi huu katika kitabu mwaka 1939, na wengine wameutoa baada yake. Kuupata si kazi. Kazi ni kuusoma kama ulivyotungwa: mwalimu na aanze na moyo wake mwenyewe, ndipo awaambie watoto.