Bure Isiwe Bure: Sanaa katika Maktaba ya Jamii

Neno "bure" lina sura mbili katika Kiswahili. Kitolewacho bila malipo ni cha bure. Na kazi isiyozaa kitu nayo ni kazi bure. Lugha nyingine huziweka maana hizi katika maneno yasiyojuana. Kiswahili kimezilaza kitanda kimoja, na hapana shaka waliozilaza walikuwa na sababu. Kila atakaye kufungua mlango wa maktaba ya jamii kwa ngoma, hadithi na mashairi, mtazamaji asitoe hata senti, hana budi kujibu swali ambalo lugha yenyewe imekwisha kuliuliza: cha bure hiki kitakingwaje kisiwe bure?

Swali hili lapasa kupimwa mbali na miji, na mahali pazuri pa kulipimia ni Lugarawa. Mji huo mdogo umo katika wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe, katika nyanda za juu ambazo kwa upande wa magharibi milima ya Livingstone huzikata na kuteremka hadi Ziwa Nyasa. Ni nchi ya baridi, ya mahindi na ulanzi, yenye hospitali ya misheni ijulikanayo mbali. Wenyeji wake ni Wapangwa. Mhakiki wa pwani, aliyezoea kuihesabu fasihi ya Kiswahili kuanzia Pate, Mombasa na Unguja, huenda asiione Lugarawa katika ramani yake. Hata hivyo, watu hawa wamekwisha kuandikiwa vitabu. Hans Stirnimann, mtafiti wa Uswisi, alichapisha kwa Kijerumani mwaka 1976 kitabu juu ya maisha na ufundi wa asili wa Wapangwa. Mwaka 1979 akatoa kingine juu ya jamii na mila zao. Na mwaka 1983 akatoa sarufi ya lugha yao. Mwaka 2004 Randi Barndon wa Norway alitoa, kwa Kiingereza, utafiti juu ya uyeyushaji wa chuma miongoni mwa Wapangwa na Wafipa. Mjukuu wa mhunzi wa Kipangwa akitaka kusoma jinsi babu zake walivyojenga tanuri na kuvuta mivukuto, hana budi kwanza ajifunze lugha ya Ulaya, kisha aitafute rafu ya chuo.

Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Maktaba itakayowekwa mahali kama Lugarawa ikiwa na rafu na viti tu, itamletea msomaji elimu ya watu wengine, na habari zake mwenyewe itazikosa. Wenye habari hizo ni wazee, nao hawakuziandika. Wanazisema, wanaziimba na kuzicheza. Kwa hiyo usiku wa hadithi au mchana wa ngoma ndani ya maktaba haupaswi kuhesabiwa kuwa pambo la kuvutia watu waje kwenye vitabu. Mzee anayesimulia ni kitabu ambacho bado hakijafungwa jalada. Hata Ilani ya UNESCO juu ya maktaba za umma, iliyotolewa mwaka 1994, iliyaweka mapokeo ya simulizi na sanaa za maonyesho miongoni mwa kazi za maktaba, ikashikilia pia kwamba huduma hiyo kwa kawaida iwe bila malipo.

Tanzania ina historia yake katika jambo hili. Sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Miaka ya 1970 ilileta madarasa ya watu wazima na maktaba za vijijini. Takwimu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma na kuandika, waliokuwa kama asilimia 67 mwanzoni mwa juhudi hizo, walipungua hadi chini ya asilimia 10 ilipofika mwaka 1986. Katika safari hiyo mfano ulio bora ni kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Hakuna aliyelipa kiingilio, na kazi haikuwa bure, kwa kuwa msikilizaji aliondoka akiwa na jambo la kutenda.

Lakini historia hiyohiyo ina upande wa pili. Mathias Mnyampala aliikuza ngonjera kuwa sanaa ya majibizano, ambamo mjinga na mjuzi hushindana kwa hoja mbele ya hadhira. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ngonjera ilienea mashuleni, na kidogo kidogo ikatoka mkononi mwa mshairi ikaingia katika ratiba ya mapokezi. Watoto walipangwa mistari juani, wakamwimbia mgeni rasmi yale ambayo mgeni rasmi alikuja kuyasikia. Majibizano yalibaki jina tu, maana mshindi alijulikana kabla ya beti la kwanza. Tiketi haikuwapo, gharama ililipwa na shairi lenyewe, lililonyimwa haki ya kusema jambo lisilotarajiwa. Hiyo ndiyo bure ya maana ya pili. Maktaba yoyote itakayoita ngoma siku ya uzinduzi, ipigwe picha, kisha mlango ufungwe mpaka mgeni mwingine aje, itakuwa imerithi kasoro hiyo.

Nairobi imejaribu njia nyingine. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi mwaka 1958. Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, kupitia taasisi yao ya Book Bunk, walishika kazi ya kuifufua pamoja na matawi yake mawili ya mitaani, Kaloleni na Makadara. Tawi la Kaloleni lilifunguliwa upya mwaka 2020, la Makadara likafuata mwaka 2021. Hadithi za watoto, muziki na mijadala vikapata makao palepale penye vitabu. La kusifiwa hapo ni kwamba sanaa haikungoja sikukuu. Ilifanywa kazi ya kawaida ya nyumba. La kutahadhari ni kwamba Nairobi ina wafadhili, wachapishaji na wasanii walio karibu. Anayeubeba mfano huo mzimamzima hadi milima ya Ludewa atafika na ratiba nzuri isiyo na mtu wa kuitekeleza.

Wapo watakaopinga wazo lote, na hoja yao haipaswi kudharauliwa. Watasema kwamba nchi isiyoweza kujaza rafu haina fedha ya kulipia ngoma; kwamba mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani anahitaji taa na ukimya, si kelele. Ni kweli: paa linalovuja lazibwe kabla ya zumari kupulizwa. Lakini kalenda ya mkulima ina majira yake. Mahindi yakisha kuvunwa na mvua bado, zipo Jumamosi za kutosha ambazo mwanafunzi hazikosi na mzee anazo. Tena kitabu kinachonunuliwa Dar es Salaam hufika hivyo hivyo kilivyo, na kingine kama hicho chapatikana Mbeya na Songea. Hadithi ya Kipangwa haipatikani dukani. Msimuliaji akifa kabla ya kusikilizwa, hakuna bajeti itakayoirudisha.

Basi yapo masharti matatu ya kuitenga bure na bure. La kwanza, asiyelipa awe mtazamaji, msanii alipwe. Imezoeleka mno kumfanya mpiga ngoma kuwa mfadhili wa shughuli isiyo yake, akashukuriwa kwa soda. La pili, lugha mbili zikae jukwaa moja. Bibi asimulie kwa Kipangwa, na kijana afasiri papo hapo kwa Kiswahili mbele ya watu waijuao lugha zote mbili. Atakapokosea, watamrudi, na katika kurudiwa huko ndimo mfasiri na mwandishi hufunzwa. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 imekwisha kuzitambua lugha za jamii kuwa hazina ya kutunzwa, kwa hiyo hakuna sababu ya Kipangwa kuingia maktaba kwa kunyata. La tatu, kilichosimuliwa kiandikwe, hata kwa mkono katika daftari la mistari, kiwekwe rafuni pamoja na jina la mwenye hadithi. Hapo mtoto ataazima kitabu ambacho mtungaji wake anakutana naye kisimani.

Masharti haya hayahitaji jengo la fahari. Yanahitaji mkutubi mwenye idhini ya kupanga Jumamosi zake, fungu dogo la ujira lisilochezewa, na viongozi watakaokubali kuketi mkekani kama wasikilizaji wengine, bila hotuba.

Baada ya mwaka mmoja, mkaguzi akifika kuuliza kazi imezaa nini, asionyeshwe daftari la mahudhurio wala picha za siku ya kwanza. Apelekwe rafuni, ahesabu madaftari yaliyoandikwa, kisha atazame katika kadi za kuazimia kama yupo aliyeyasoma.