Kupima Kukoswakoswa Barabarani

Polisi huandika ajali ikishatokea. Mtu aliyekoswakoswa na lori haandikwi popote, ilhali yeye ndiye anayetuonyesha penye hatari kabla ya msiba. Mwaka 1987 Christer Hydén wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, aliuweka upimaji wa kukoswakoswa katika utaratibu: watazamaji waliofunzwa walikadiria kwa macho mwendo wa vyombo na umbali uliobaki hadi mahali pa kugongana, na humo zikahesabiwa sekunde zilizobaki. Leo video na kompyuta zinaweza kufanya ukadiriaji huo.

Modeli nyingi za kutambua vitu hufunzwa kwa COCO, hazina ya picha ya mwaka 2014 yenye aina 80 za vitu. Pikipiki imo, mtu yumo, lakini boda na abiria wake kama chombo kimoja haimo. Tazama boda ya Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, ikiingia mji wa Mbarara na mama na mtoto nyuma ya dereva: kompyuta inachora visanduku vinne, pikipiki moja na watu watatu. Isipoelekezwa, itawahesabu hao watatu kuwa waenda kwa miguu wanaokaribia kugongwa, na kila boda itaonekana muuaji. Kwa hiyo huwekwa kanuni: visanduku vinavyopandana na kusogea pamoja, fremu hadi fremu, ni chombo kimoja.

Kazi ngumu zaidi ni mita. Mpimaji huchagua alama nne za chini zinazoonekana kwenye video, akazipima kwa futi kamba, na hesabu ikageuza pikseli kuwa umbali. Kinachofuatwa ni pale tairi linapogusa barabara. Katikati ya lori pako juu. Ukipachukulia kuwa chini, lori litahesabiwa liko mbali zaidi na kamera kuliko lilivyo. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa na fremu 25 kwa sekunde, chombo husogea sentimita 33 tu kila fremu, kwa hiyo kosa dogo huharibu jibu. Ndipo hupimwa muda kati ya boda kuondoka mahali na lori kufika hapohapo: ukiwa mfupi mno, huko ndiko kukoswakoswa.

Video hizo zinahitaji kamera. Juni 2025 Uganda ilianza kutoza faini za mwendo kwa kamera, ikasitisha mwezi huohuo. Naona kamera za aina hiyo zingefaa zaidi kutuambia njia panda ipi ya Mbarara irekebishwe kwanza.

Nakivale kwenyewe, barabara ya vumbi haina mistari, kwa hiyo alama nne ziwe mawe yaliyopakwa chokaa. Kiangazi, vumbi la lori huifunika boda iliyo nyuma. Ikijitokeza, kompyuta huipa namba mpya ya kuifuatilia, kana kwamba ni nyingine. Vipande hivyo avitazame mtu, hasa dereva wa boda anayeijua njia hiyo.