Namba 99 Hakuitwa

Tangu Aprili 6, 2025, siku Alexander Ovechkin alipofunga bao lake la 895 na kumpita Wayne Gretzky, wachambuzi wa hoki ya barafu wamegeuka makarani wa ghala. Mabao 894 ya Gretzky yamepangwa kama magunia ya mahindi: haya ya Edmonton, haya ya Los Angeles, haya machache ya St. Louis, haya ya uzeeni New York. Sina ugomvi na hesabu. Ila mkwaju ninaoukumbuka kuliko yote katika maisha ya mchezaji yule haumo ghalani, kwa sababu hakuruhusiwa kuupiga.

Ni ule wa Nagano, Japani, Februari 20, 1998, nusu fainali ya Olimpiki kati ya Kanada na Cheki. Kocha Marc Crawford alitaja wapigaji watano wa penalti na Gretzky hakuwamo. Nasema mapema tusipotezeane muda: Crawford alikosea, na miaka yote hii sijasikia utetezi wenye mashiko.

Mechi yenyewe mliiona. Jiří Šlégr alifunga kwa shuti la mbali katika kipindi cha tatu, Trevor Linden akasawazisha zikiwa zimebaki sekunde 63, dakika kumi za nyongeza zikapita bila bao. Hadi hapo Crawford alikuwa amefanya kazi nzuri: alizifunga Belarus, Uswidi, Marekani na Kazakhstan bila wasiwasi mkubwa.

Halafu ikaja orodha.

Theo Fleury alianza. Sawa, miguu ya haraka, moyo wa simba, hata mimi ningemwandika. Dominik Hašek akamzuia. Upande wa pili Robert Reichel akamfunga Patrick Roy, na kumbe hilo ndilo lingekuwa bao pekee la mikwaju ile. Kwa hiyo tazameni hali ilivyokuwa: Kanada iko nyuma, kipa wa wenzao ndiye bora duniani, umebakiwa na mikwaju minne. Unamwita nani?

Crawford alimwita Ray Bourque wa Boston. Beki! Nampenda Bourque, na ningemweka katika kikosi changu cha mabeki watano bora wa nyakati zote bila kufikiri. Lakini beki kazi yake ni kupiga akiwa mbali, vichwa vya watu vikiwa vimemziba kipa macho. Kwenye penalti hakuna wa kumziba. Nimeambiwa mara elfu kwamba Bourque alikuwa bingwa wa kulenga shabaha kwenye michezo ya wikendi ya nyota wa NHL. Ni kweli. Alivunja vile visahani vinavyofungwa kwenye pembe za goli kama mtoto anayedungua maembe. Vile visahani havihami. Hašek anahama. Bourque akapiga kama beki anavyopiga, na Hašek akazuia kama Hašek anavyozuia.

Wakasema Gretzky alikuwa mzee, miaka 37. Haya, twende kwenye vyeti vya kuzaliwa. Bourque alizaliwa Desemba 28, 1960. Gretzky alizaliwa Januari 26, 1961. Aliyepewa nafasi ndiye mkubwa, kwa siku 29. Ng'ombe hazeeki maini, wazee wetu walisema, lakini siku ile inaonekana ng'ombe wa Boston tu ndiye aliyehesabiwa kuwa na maini.

Baada ya Bourque akaenda Joe Nieuwendyk, akakosa. Eric Lindros akakaribia kuliko wote, kisahani cha hoki kikagonga mwamba. Jaromír Jágr naye aligonga mwamba kwa upande wa Cheki, maana yake mlango ulikuwa bado wazi. Mtu wa tano akawa Brendan Shanahan. Hašek akazuia. Wacheki wakarundikana juu ya kipa wao, na kamera ikamkuta Gretzky ameketi peke yake kwenye benchi, wenzake wote wameshateremka barafuni. Joe Sakic alikuwa ameumia goti kwenye mechi ya Kazakhstan, Paul Kariya hakusafiri kabisa kwa sababu ya jeraha la kichwa. Hao walikuwa na udhuru. Gretzky alikuwa mzima, amevaa viatu vya barafu, gongo liko mkononi. Na Steve Yzerman naye alikuwa hapo hapo, hakuitwa, ila hilo ni kesi ya siku nyingine.

Sasa tuingie kwenye ufundi, maana wapo wanaodhani nalia kwa mahaba tu.

Hašek hakuwa kipa wa vitabu. Roy ukimwendea unajua atapiga magoti na kuifunga sehemu ya chini, kazi yako ni kutafuta juu. Hašek hakuwa na utaratibu huo. Alimsubiri mpigaji aamue, kisha akarusha chochote kilichokuwa karibu: mguu, kiwiko, gongo, mara nyingine mgongo akiwa amelala chali. Msimu ule wa NHL alizuia mashuti 93 katika kila 100, na alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara mbili mfululizo, 1997 na 1998, jambo ambalo hakuna kipa mwingine aliyelifanya. Mbele ya mtu kama huyo, mpigaji anayeamua mapema amekwisha. Fleury aliamua mapema. Bourque aliamua mapema zaidi, pengine akiwa bado benchi.

Kipa anayesubiri anapelekewa mshambuliaji anayeweza kusubiri zaidi yake. Na nani katika historia ya mchezo huu alijua kusubiri kuliko Gretzky, namba 99? Ndiyo ilikuwa kazi yake yote. Alijiweka nyuma ya goli, mahali ambapo Wamarekani na Wakanada walipaita ofisi yake, akasimama na kisahani pale mpaka beki mmoja apoteze subira. Kipa hawezi kumtazama aliye nyuma yake na wanaokuja mbele kwa wakati mmoja. Beki akitoka kumfuata kulia, pasi inapita kushoto. Asipotoka, Gretzky anaendelea kusimama. Au ile nyingine: anavuka mstari wa buluu kwa kasi, beki anarudi nyuma kumlinda, ghafla anakata kona kuelekea ukutani na kungoja. Sekunde moja, mbili. Jari Kurri au Paul Coffey anatokea kwa nyuma kama mgeni aliyechelewa harusini, na bao limeshafungwa kabla beki hajageuza shingo.

Wanaonipinga wana hoja moja nzuri, na nitawapa haki yao. Kwenye penalti hakuna Kurri. Sheria inataka kisahani kisonge mbele muda wote, kwa hiyo huwezi kukata kona wala kwenda ofisini. Silaha zake mbili kubwa zinabaki mlangoni. Tena Gretzky hakuwahi kusifiwa kwa kuwakabili makipa ana kwa ana, na Olimpiki ile nzima hakufunga bao hata moja, alitoa pasi nne za mabao tu. Yote hayo nayakubali. Lakini swali la siku ile halikuwa kama Gretzky ni mpigaji penalti bora wa Kanada. Swali lilikuwa kama yumo katika watano. Wachezaji watano! Mtu aliyefunga mabao 92 katika msimu mmoja wa 1981–82 hakuyafunga yote kwa pasi za Kurri, na msimu huohuo wa Nagano alimaliza ligi na pasi za mabao 67, sawa na Jágr, hakuna aliyewazidi. Macho yalikuwa bado yanaona. Mimi ningemfuta Bourque, nimwandike yeye awe wa nne au wa tano, nilale usingizi.

Linganisheni na Mike Keenan. Septemba 15, 1987, Hamilton, mechi ya tatu ya fainali ya Kombe la Kanada dhidi ya Wasovieti, matokeo 5–5, imebaki dakika moja na nusu. Kisahani kinaangushwa upande wa Kanada, karibu na goli lao wenyewe, pale ambapo kocha mwoga huingiza watu wa kuzuia. Keenan akawaingiza masenta watatu kwa mpigo: Dale Hawerchuk, Mario Lemieux na Gretzky. Hawerchuk akakipigania, Lemieux akakisukuma mbele, Gretzky akakimbia nacho upande wa kushoto, akasubiri, kama kawaida yake alisubiri, akamrudishia Lemieux. 6–5. Keenan simpendi kwa mambo mengi, wachezaji wake wengi hawakumpenda pia, lakini usiku ule alifanya jambo jepesi kuliko yote katika ukocha: aliwapa kazi wakubwa, akakaa kimya.

Nagano ilikuwa imeharibika kabla ya kufika Nagano, nimeliandika hili na nitaliandika tena. Meneja wa timu alikuwa Bobby Clarke wa Philadelphia. Akamwacha nyumbani Mark Messier. Akampa unahodha Lindros, wa Philadelphia vilevile, mwenye miaka 24, huku Gretzky akiwa chumba kimoja naye. Mwanzo ukishamvua mtu utepe wa nahodha, ni rahisi kumwacha benchi mwishoni. Na Clarke hakuwa na haja ya kusimuliwa Gretzky anaweza nini mbele ya goli: Desemba 30, 1981, alipofikisha mabao 50 katika mechi 39 tu, alifunga matano usiku mmoja dhidi ya Philadelphia, timu aliyokuwa akiichezea Clarke mwenyewe.

Wasomaji wangu wa zamani wanajua pia ninavyochukia nusu fainali kuamuliwa kwa penalti. Kanada ilishaonjeshwa sumu ya penalti miaka minne kabla, Lillehammer, Peter Forsberg alipomlaza Corey Hirsch kwa mkono mmoja na Uswidi ikachapisha stempu ya bao lile. Kwa hiyo walikuwa na miaka minne ya kujiandaa. Crawford zaidi ya wote, maana Forsberg alikuwa mchezaji wake kule Colorado!

Mtaniambia: je, Gretzky angekosa? Angeweza kukosa, Hašek aliwakosesha watano. Hata kwenye soka, Roberto Baggio alikosa Pasadena mwaka 1994, mpira ukapaa juu ya mwamba, Italia ikalia. Lakini hadi leo hamjasikia mtu akimuuliza kocha wake Arrigo Sacchi kwa nini alimpa Baggio mpira. Crawford anaulizwa hadi leo, na ataulizwa hata akiwa kaburini.

Kanada haikuamka tena. Ilicheza na Ufini kuwania shaba, ikafungwa 3–2, na Gretzky akarudi New York bila medali ya Olimpiki, ambayo hakuipata kamwe kama mchezaji. Mwaka uliofuata, Aprili 18, 1999, alicheza mechi yake ya mwisho Madison Square Garden dhidi ya Pittsburgh. Alitoa pasi moja ya bao, kwa Brian Leetch, ya 1,963. Ilikuwa 1–1 mpaka muda wa nyongeza, kisha Jágr akaifungia Pittsburgh, New York wakafungwa 2–1.