Mgonjwa Alipolinganishwa na Yeye Mwenyewe

Kwa miongo mingi madaktari wameona kwamba msimu wa influenza ukifika, vifo vya ugonjwa wa moyo navyo hupanda. Kazi ilikuwa kuthibitisha. Anayelazwa kwa mafua makali mara nyingi ni mzee, ana presha au kisukari, pengine anavuta sigara. Ukimlinganisha na mtu mzima wa afya, utajuaje kama ni virusi vilivyomwangusha au ni hayo mengine?

Jeffrey Kwong na wenzake wa Ontario, Kanada, walilikwepa tatizo hilo kwa njia ninayoiheshimu sana, katika utafiti uliotoka Januari 2018 kwenye New England Journal of Medicine. Walichukua watu waliothibitishwa na maabara kuwa na influenza, na ambao walilazwa kwa mshtuko wa moyo ndani ya mwaka mmoja kabla au baada ya kipimo. Kila mmoja alilinganishwa na nafsi yake: siku 7 baada ya sampuli kuchukuliwa, dhidi ya muda wote uliobaki. Kisukari chake na urithi wa ukoo wake vimo pande zote mbili, basi haviwezi kuleta tofauti.

Visa vya kulazwa vilikuwa 364. Kati yake, 20 viliangukia wiki ile moja. 344 vilitawanyika katika takriban wiki 104, yaani 3.3 kwa wiki. Gawanya 20 kwa 3.3, unapata hatari mara 6. Kuanzia siku ya 8 ongezeko halikuonekana tena, na kwangu huo ndio ushahidi mzito kuliko wote, kwa sababu hatari inakwenda sambamba na ugonjwa. Homa huuendesha moyo mbio, na kinga ya mwili ikipambana na virusi hudhoofisha utando wa mafuta ulioganda ndani ya mishipa. Ukipasuka, damu huganda juu yake na kuziba njia.

Hata hivyo visa 20 ni vichache, ndiyo maana kadirio linaanzia 3.9 hadi 9.5. Tena waliopimwa ni walioumwa kiasi cha kutafuta matibabu. Mara 6 hiyo asibebeshwe kila mwenye mafua.

Kama chanjo inasaidia, hilo lilihitaji jaribio. Mwaka 2021 Ole Fröbert na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 2,571 wa nchi 8, wengi wao wakiwa wametoka kupata mshtuko wa moyo. Ndani ya miezi 12, kifo, mshtuko mpya au kuziba kwa stenti (kijibomba kinachowekwa kuupanua mshipa wa moyo) viliwapata asilimia 5.3 ya waliochanjwa na 7.2 ya waliopewa chanjo bandia. COVID-19 ilililazimisha jaribio kusimama kabla ya kufikisha wagonjwa 4,400 waliokusudiwa.