Enzo Mari na mbao za Goma: kitabu kizuri, sheria moja mbaya



Siku hizi vijana wengi waliomaliza masomo wanajitengenezea vitu vya nyumba: meza, etajeri ya vitabu, kitanda, hata chumba kizima cha mbao nyuma ya nyumba ya wazazi. Wanapigana picha, wanatumiana vipimo, wanaulizana misumari ya sentimetre ngapi. Mimi naona ni jambo zuri. Lakini jina moja linarudi kila mara katika mazungumzo hayo, Enzo Mari, na linatajwa sawa vile jina la mtakatifu. Kwa hiyo leo nataka tukisome kitabu chake kwa macho yetu, macho ya watu wanaonunua mbao mbichi kando ya barabara.

Kwanza tumpe haki yake. Enzo Mari alikuwa Mtaliano, fundi wa kubuni vitu, alizaliwa 1932 na akafariki Milano mwaka 2020. Mwaka 1974 alitoa kazi yake inayoitwa «Proposta per un'autoprogettazione». Ndani mna michoro 19 ya vitu vya nyumba: meza, viti, mabenchi, makabati, vitanda. Vyote ni mbao za kawaida na misumari. Hakuna maungo ya kukata kwa ujuzi mkubwa, hakuna mashine. Aliyetaka michoro alituma pesa ya timbre tu, naye akaipata kwa posta. Mari aliomba kitu kimoja: ukimaliza kutengeneza, unitumie picha na mawazo yako.

Shabaha yake haikuwa kuwapa watu meza za bei chini. Alitaka mtu apige nyundo kwa mkono wake ili aelewe meza inasimama kwa nini. Angalia zile meza zake: chini kuna mbao zilizolala mshazari, zinafanya pembetatu. Ukiondoa huo mshazari, meza inacheza kama mlevi. Mtu aliyepiga msumari wa mwisho kwenye mbao ya mshazari, akaona meza imetulia ghafla, hatasahau tena. Hapo amejifunza mekanika bila ubao wa darasa.

Somo hilo sisi wa Goma tunalihitaji kuliko watu wa Milano. Tangu lava ya Nyiragongo ya 2002, sehemu kubwa ya mji imejengwa kwa mbao na manjanja juu ya mawe meusi. Kuchimba msingi ndani ya lava ni kazi ya jasho na pesa mingi. Nyumba ya mbao ni nyepesi, inabomolewa na kuhamishwa, inafuata mfuko wa mwenyewe. Na volkano ilipotoka tena tarehe 22 mei 2021, ardhi ikatetemeka siku nyingi, kuta za matofali zilipasuka huku kwetu na ng'ambo Gisenyi. Nyumba ya mbao iliyofungwa vizuri inajipinda kidogo, inarudi. Lakini nasema iliyofungwa vizuri: ile yenye mshazari kwenye kila ukuta. Zile ambazo mbao zote zimesimama wima tu, upepo wa mvua unazisukuma, na kila mwaka zinaegemea jirani. Tunaziita nyumba za muda, halafu mtu anazaa watoto watano ndani yake. Ukijua mambo ya pembetatu, unaweza kujenga «ya muda» yenye heshima. Hatari ya moto inabaki, Bukavu wanaijua kwa uchungu, na hiyo hakuna mchoro wa Mari unaoitibu.

Sasa tuingie katika kasoro. Ya kwanza, kitabu kinanyamaza kuhusu mti wenyewe. Mari anachora kama vile mbao zimekwisha kukauka, zimenyooka, zina vipimo sawa. Kwake, mtu alienda dukani akaipata hivyo. Kwetu mbao nyingi ni eucalyptus changa, iliyokatwa juzi, imeshuka kutoka Masisi ikiwa bado na maji. Hapa naomba mnivumilie kidogo, juu ni kazi niliyosomea.

Mti wa eucalyptus unakua haraka, na tabaka zake za nje zinavutana kwa nguvu ukiwa bado umesimama. Ukiupasua, ile nguvu inaachiliwa: mbao inajikunja kama upinde na ncha zake zinapasuka. Halafu inaanza kukauka. Mbao haipungui urefu kwa kiasi cha kuonekana, lakini upana unapungua, na ukifuata duara za mti inapungua karibu mara mbili kuliko ukielekea katikati ya mti. Njo maana meza iliyokuwa bapa mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu imekuwa bakuli. Na ukiwa umepiga misumari kwenye kingo zote mbili za mbao pana, mbao inataka kupungua, misumari inakatalia, kitu kimoja lazima kikubali: mbao inapasuka katikati. Tena msumari uliopigwa kwenye mti mbichi unalegea mti ukikauka. Mtu anasema: «Huyu Mzungu alitudanganya.» Hapana, hakudanganya. Alisahau tu kwamba kuna watu ambao mbao haiwafikii ikiwa tayari.

Dawa iko, na si ya gharama. Panga mbao kivulini, chini ya paa lakini hewa ipite, weka vijiti kati ya kila mbao na mbao, funika ncha kwa rangi ya zamani, weka mawe mazito juu. Uache miezi, si siku. Kwa eucalyptus toboa kwanza tundu dogo, ndipo upige msumari, la sivyo msumari utapinda ama mbao itapasuka. Na ukiweza kuchagua, tafuta grevillea, ule mti ambao wakulima wetu wanaupanda kwenye mipaka ya shamba na ndani ya kahawa. Ni laini zaidi chini ya msumeno, na ukipitisha randa vizuri unatoa madoa mazuri. Kitabu cha namna hii kikiandikwa kwetu, sura ya kwanza ingekuwa ya mti, na mchoro ungekuja nyuma.

Kasoro ya pili ndiyo inayoniuma. Mari aliweka sheria: mtu yeyote anaweza kutumia michoro hii, isipokuwa viwanda na wafanyabiashara. Ninaelewa sababu. Italia ya wakati ule ilikuwa nchi ya viwanda vikubwa vya samani, naye hakutaka jasho la mawazo yake liishie mifukoni mwao. Lakini leteni sheria hiyo kwenye avenue yoyote ya Goma. «Mfanyabiashara» ni nani hapa? Ni papa mmoja chini ya bashi, na msumeno wa mkono, na kijana mmoja anayejifunza kazi. Anatengeneza kitanda, anakiweka kando ya barabara, anangojea mteja. Kwa sheria ya Mari, mimi mwenye diplome ninayepiga misumari siku ya mungu kwa kujifurahisha nina ruhusa. Yeye anayelisha watoto kwa nyundo hana. Hiyo ni haki gani?

Mari mwenyewe hakuishika sheria hiyo mpaka mwisho. Mwaka 2010 kampuni Artek ya Finlandi ilianza kuuza kiti chake, «Sedia 1», kwa ruhusa yake. Baadaye aliwaruhusu Cucula, kundi la vijana wakimbizi kutoka Afrika ya Magharibi waliokuwa Berlin, watengeneze samani zake na kuziuza ili wapate kuishi. Viti vingine waliviwekea mbao za mashua zilizofika Lampedusa. Mimi nikitazama mifano hiyo miwili, ule wa Berlin ndio unaosahihisha kitabu. Unaonyesha kwamba kuuza si dhambi. Swali ni kama anayeuza anaishi kwa mikono yake ama kwa mikono ya wengine.

Kuna watakaoniambia: «Sisi tukijitengenezea wenyewe, si tunamnyang'anya fundi mteja?» Ni swali la maana. Jibu langu: mtu aliyetengeneza benchi moja kwa mkono wake anakuwa mteja mzuri zaidi. Anajua saa ngapi zinaingia ndani ya kiti kimoja. Hatabishana bei kama anayenunua fungu la viazi. Ataangalia chini ya meza kabla ya kuangalia vernis. Atauliza mbao ilikaushwa muda gani, na fundi akiulizwa mara kumi ataanza kukausha. Huo ndio ushindi ambao Mari alitafuta, hata kama sheria yake iliufungia mlango.

Na tusijidharau. Chukudu, ambayo ina hata sanamu yake mjini, ni nini kama si kitabu cha Mari kisicho na karatasi? Mbao, misumari, kipande cha tairi la zamani kwenye magurudumu, na inashusha magunia ya viazi na makala kutoka milimani. Hakuna aliyesaini mchoro. Anayeitaka anaangalia ya mwenzake, anaongeza wazo lake, na hakuna anayemuuliza kama ni fundi ama mpenzi tu. Kwa upande huo chukudu imempita Mari: inagawanya ujuzi bila kumtenga anayeuza.

Kwa hiyo kisomeni kitabu, kinastahili. Chukueni pembetatu, chukueni ile imani kwamba mtu wa kawaida anaweza kuelewa vitu vinavyomzunguka. Sheria ya wafanyabiashara iacheni Milano. Na ukiwa na mchoro mzuri wa kitanda ama wa ukuta wa nyumba ya mbao, usiufungie ndani ya simu yako. Ushuke nao mpaka kwa fundi wa avenue yako, mkae chini, mwonyeshe. Yeye atakuambia pale mchoro unapokosea kuhusu mti wetu. Wewe utamweleza ule mshazari. Atakaponunuliwa kitanda hicho mara ishirini, usimdai kitu.