Kikapu Kisichokataa

Msimu wa sikukuu wa mwaka 2004, hifadhidata za Amazon zilizidiwa. Tovuti ikawa inakatikakatika katika wiki zile zile ambazo Wamarekani hununua kuliko wakati mwingine wowote.

Wahandisi hawakuishia kutafuta mashine kubwa zaidi. Walijiuliza swali ambalo wenye duka wengi hulikwepa: wateja wakifurika, tukubali kukosea wapi? Jibu walilichapisha mwaka 2007, walipoeleza mfumo wao wa kuhifadhi data uitwao Dynamo. Ndani yake mna uamuzi ninaousifu kila ninapoukumbuka: kikapu cha mteja hakikatai kitu. Seva moja ikifa, nyingine inapokea. Mawasiliano kati yake yakikatika, kila upande unaendelea kuandika unachoambiwa, na tofauti zitasuluhishwa baadaye.

Uamuzi huo una gharama. Mteja kaweka viatu kikapuni, kaghairi, kavitoa. Ikiwa nakala moja ya kikapu imeipata habari hiyo na nyingine haijaipata, nakala hizo zinapounganishwa viatu vinaweza kurudi. Wahandisi waliliandika hilo bila kificho: kilichoongezwa hakipotei, ila kilichofutwa chaweza kuibuka tena. Utasema wamelinda mauzo yao, na hujakosea. Lakini viatu vilivyorudi mteja huviona kabla hajalipa, akavitoa tena kwa kubonyeza mara moja. Kitu kikikataa kuingia, huyo anahamia duka jingine. Kati ya makosa mawili walichagua lile linalosameheka, na hapo ndipo ninapouona ufundi wenyewe.

Wachina wa kampuni ya Alibaba wana mbinu yao. Mauzo yao ya tarehe 11 Novemba, yaliyoanza mwaka 2009, kwa miaka mingi yalifunguliwa usiku wa manane, na umati wote uligonga mlango kwa pamoja. Mwaka 2020 kilele kilifika oda 583,000 kwa sekunde. Basi kabla ya siku yenyewe hutuma wanunuzi bandia kwenye mfumo ule ule halisi, oda zao zikiwa na alama ili zisichanganyike na za watu. Panapopasuka, panazibwa mapema. Sijui kazi nyingine ambayo fundi hulivamia duka lake mwenyewe kwa bidii kiasi hicho.

Hata hivyo mambo huharibika. Tarehe 16 Julai 2018, mauzo ya punguzo ya Amazon yaitwayo Prime Day yalipoanza, kampuni hiyo ilielemewa tena, wateja wakakutana na picha za mbwa na maneno ya kuomba radhi. Wengi walicheka mbwa. Mimi nilivutiwa na kilichofuata: ukurasa wa mbele wa akiba, mkavu, uliopunguzwa madoido, ukawekwa ili mlango usifungwe kabisa huku seva zikiongezwa kwa mikono. Ulikuwa ukurasa wa kuchusha kidogo, lakini watu waliendelea kununua.