Swampert na Tope la Katesh

Mpwa wangu hunipiga kwenye Pokémon kila likizo anapopanda kutoka Babati kuja Mbulu, na silaha yake ni ile ile: Swampert, samaki wa matope. Nilipochoka kushindwa nikaamua kulisoma jedwali la aina kama ninavyosoma riwaya.

Kwa wasiocheza: kila kiumbe kina aina, na kila aina ina mbabe wake. Maji huzima Moto, Moto huteketeza Majani, Majani hunywa Maji. Utamu wa jedwali ni ahadi kwamba hakuna mkubwa asiye na wa kumpiga. Ahadi hiyo ilivunjika mapema. Mwaka 1996 aina ya Akili ilitawala kama mwenyekiti wa kijiji asiyepitiwa na uchaguzi: Mdudu aliyepaswa kuimaliza alikuwa na mashambulizi ya kinyonge, na Mzimu, kwa kosa la programu, haukuigusa kabisa. Mwaka 1999 watunzi wakaleta Giza na Chuma. Namheshimu mtunzi anayerudi kurekebisha sura iliyoharibika. Wengi wetu huitetea.

Sasa huyu Swampert. Ni Maji na Ardhi kwa pamoja. Umeme, unaoyaumiza Maji, haumfanyi kitu kwa kuwa Ardhi inaumeza. Anabaki na adui mmoja tu, Majani, ila huyo anampiga mara nne. Kiutunzi hapo pametulia: nguvu nyingi, na mlango mmoja ulioachwa wazi makusudi.

Lakini mimi siwezi kutazama tope bila kuikumbuka Katesh. Jumapili asubuhi, 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang yenye miamba dhaifu, iliyokwisha kunywa maji ya mvua, ilimeguka. Tope likashukia mji na vijiji jirani kama Gendabi. Walikufa watu zaidi ya 80.

Jedwali linajua kwamba maji yakiungana na ardhi huzaa kitu kisichofanana na yoyote kati ya hivyo viwili. Hapo lina ukweli kuliko mashairi mengi ya mafuriko niliyowahi kusoma. Linapotuangusha ni kwenye Majani. Hanang ina msitu, jamani, miti ilikuwepo. Tope liliing'oa likashuka nayo, magogo na mawe yakagonga nyumba pamoja. Kile ambacho kwenye simu kingemmaliza Swampert, siku ile kilikuwa rungu mkononi mwake. Jedwali halina kisanduku cha jambo hilo. Humo kila aina hubaki upande wake hadi pambano liishe, na usawa wote wa mchezo umesimama juu ya utiifu huo.

Nilimweleza mpwa wangu, nikitegemea abishe. Alinyamaza kidogo, kidole juu ya kioo.

"Kwa hiyo, anko, siku ile Majani yalihama timu."